Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Upupu, Kijiji cha Nachiwale

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe baada ya mgeni tuliyemtarajia kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati ya Usimamizi wa Kamati Tendaji, na wa Kamati Ndogo ya Kuratibu Kamati. Mwenyekiti wa kijiji hiki, Mzee Nuhu, ambaye nimeambiwa ndiye yule aliyesimama juani kwa sababu kiti chake nimekikalia mimi. Shehe Ayubu, imamu wa msikiti wetu. Walimu, wazazi na wanafunzi. Wavuvi wa mdomo wa Ruvuma, wakulima wa korosho na muhogo, mama lishe na ndugu zetu wa bodaboda. Na wewe kijana uliyepanda juu ya mkorosho, shuka, hii ni shughuli rasmi. Mabibi na mabwana, asalaam aleikum. (Watu wanaitikia.) Na wale wengine, Bwana asifiwe. (Mwalimu mmoja anaitikia.) Na sasa nawasalimu kwa salamu ya mpango wetu: MKAUMI! (Kimya. Mtu anakohoa.) Hapo mlitakiwa kujibu, "Kazi inatuwasha!" Lakini si neno, wananchi bado hamjapata semina.

Kwa wasionifahamu, ingawa sidhani kama wapo, mimi ni Daktari Fadhili Abdulrahmani, Mratibu Mkuu wa Mpango Kabambe wa Upupu na Mimea Iwashayo, yaani MKAUMI. Udaktari wangu si ule wa sindano, ni wa heshima, na nilitunukiwa katika kongamano ambalo mimi ndiye niliyeliandaa. (Makofi kutoka meza kuu.) Nimechelewa kidogo kufika hapa kwa sababu za kimkakati, na ninawapongeza kwa kunisubiri juani bila kulalamika, jambo linaloonyesha kwamba ile elimu ya uvumilivu tuliyoipanga kuja kuitoa imeanza kuzaa matunda hata kabla hatujaja.

(Sauti ya mama mtu mzima: "Nheshimiwa, hayo majani ya hapo mbele yako si mazuri!")

Ahsante sana mama, hata mimi nimeyaona, ni mazuri mno. Mapambo haya ya jukwaa ni kazi ya kitengo chetu cha itifaki. Kijana wetu Josephu aliyakata alfajiri huko njiani tulikopita, akaona maganda yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu kama mahameli, akasema hakuna haja ya kununua maua mjini wakati asili imetujalia. Kwa bahati mbaya Josephu mwenyewe yuko ndani ya gari, amevua shati, na amenitumia ujumbe kwamba hawezi kushuka. (Minong'ono.) Naomba utulivu.

Ndugu wananchi, upupu ni nini? Kwa tafsiri ya kitaalamu iliyopitishwa na stekiholda wote katika wokshopu yetu, upupu ni mmea tambazi, uoteao pasipotarajiwa, ambao ganda lake likikauka hutoa vijinyoya visivyo na idhini ya kuingia katika ngozi ya mwananchi lakini huingia. Hiyo ndiyo tafsiri. Tuliijadili hotelini, kwa kina, na haikuwa kazi nyepesi, kwa kuwa wajumbe wengi walikuwa hawajawahi kuuona.

Sasa nije kwenye historia ya mradi huu, maana kuna watu wanaoipotosha. Ni kweli kwamba wakati wa masika ya mwaka juzi Mzee Nuhu alikuja ofisini kwangu Mtwara akaniambia, "Mheshimiwa, upupu umezunguka shule, umepanda hadi kwenye madirisha ya darasa la tatu. Sasa hivi ni mbichi, hauna shida. Tunataka kuufyeka kabla haujakauka." Na ni kweli kwamba nilimkataza. Lakini nilimkataza kwa sababu gani? Nilimkataza kwa sababu huwezi kufyeka tatizo ambalo halijafanyiwa tathmini ya awali! Ukilifyeka, wataalamu watapima nini? Wafadhili tutawaonyesha nini? Nilimwambia, "Mzee wangu, nenda kaulinde upupu huo, asiuguse mtu mpaka timu yangu ifike." Naye, kwa kuwa ni kiongozi mtiifu, aliulinda. (Mzee Nuhu anainamisha kichwa.) Mzee, inua kichwa, ninakusifu hapa.

Timu ilikawia kutokana na mchakato. Masika yakaisha, maganda yakanona, jua likawaka, maganda yakakauka, na msimu wa korosho ukaingia na upepo wake. Huo upepo haukuwa katika mpango kazi wetu, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuwajibika nao.

Basi siku hiyo, kama nilivyosimuliwa na Mwalimu Magreth, ambaye ndiye mwalimu wa darasa la tatu na yuko pale nyuma, upepo ulivuma kutoka upande wa mto wakati watoto wanasoma hesabu. Mtoto mmoja akaanza kujikuna shingo. Wa pili akafuata. Mara darasa zima limesimama, watoto wanalia, wanavua mashati, wanajisugua ukutani kama ng'ombe. Madirisha hayakuwa na vioo wala mbao, kwa sababu huo ni mradi mwingine, ulio chini ya mwenzangu. Watu waliosikia kelele wakasema ni mashetani yamewaingia watoto. Akaitwa Shehe Ayubu. Shehe akaingia darasani na msahafu wake, akaanza kisomo, akasoma kidogo, akanyamaza, akajikuna mkono, akajikuna shingo, kisha akatoka nje akawaambia watu, "Jamani, haya si majini. Majini nayajua. Huu ni upupu. Watoeni watoto!" (Kicheko kikubwa. Shehe Ayubu naye anacheka.) Ninamshukuru shehe kwa taarifa hiyo, ambayo ofisi yangu imeiingiza kama utambuzi wa mapema.

Katika darasa hilo alikuwemo binti mmoja anaitwa Hafsa, mwanafunzi hodari, nimeambiwa. Huyu Hafsa, wakati wenzake wanajikuna mikono, yeye alijifikicha macho. Mama yake, Bi Asia, alikuwa shambani anaokota korosho. Alipoambiwa alikuja mbio, ndoo ameiacha hukohuko, akamkuta mtoto ameketi chini ya ukuta, jicho la kulia limevimba limefumba, na Nesi Felista wa zahanati ameshafika na anammiminia maji safi juu ya jicho, taratibu, bila kulisugua, huku amemshika mikono yote miwili asijifikiche tena. Bi Asia akamuuliza, "Nesi, mwanangu atapofuka?" Nesi akamjibu, "Sijui, Mama Hafsa. Vijinyoya vimeingia ndani ya jicho. Mimi sina vifaa vya kuvitoa. Mpeleke mjini, na mpeleke sasa."

Na hapa, ndugu wananchi, ndipo mpango wetu ulipoonyesha uwezo wake, maana MKAUMI ina namba ya dharura ya bure, ambayo tuliibandika katika kila kijiji, na Bi Asia aliipiga, na ikapokelewa! (Makofi kutoka meza kuu pekee.) Alisema, "Mna gari la upupu, nimeliona limeandikwa ubavuni, naliomba limpeleke mwanangu hospitali." Mhudumu wetu alimpa pole, akamuuliza jina la mmea, urefu wa mmea na kama mmea umeshapimwa, kisha akampa namba ya kumbukumbu. Kuhusu gari, naomba niliseme hili waziwazi kwa kuwa mimi ni muumini wa uwazi: gari lilikuwa katika zoezi la uhamasishaji huko Magomeni ya Mtwara mjini, likibeba viti, kwa ajili ya shughuli ambayo, kwa bahati tu, ilikuwa harusi ya mpwa wangu.

(Sauti ya Bi Asia: "Mlisema mtanipigia. Hamjapiga mpaka leo!")

Tutakupigia, mama. Namba ya kumbukumbu haiozi.

Naendelea. Bi Asia akambeba mtoto mgongoni, akiwa amemfunga mikono kwa kanga ili asijikune, akasimama barabarani. Likaja lori limesheheni korosho linakwenda Bandari ya Mtwara, dereva wake anaitwa Ismaili, kijana mwenye ndevu, yupo? Hayupo, yuko safarini. Huyu Ismaili alitakiwa awe bandarini mapema, wenzake walikuwa wanamngoja kwenye foleni. Akamtazama mtoto, akafungua mlango akasema, "Panda, mama. Korosho haziozi kwa siku moja." Alipofika mjini hakwenda bandarini, alikwenda moja kwa moja hospitali, lori zima na mzigo wake, akaziba geti hadi mlinzi akamfokea. Ninalichukulia hilo kama ushirikiano kati ya mpango wetu na sekta binafsi.

Daktari wa macho, huyo sasa ni ule udaktari mwingine, alivitoa vijinyoya kimoja kimoja kwa chombo chake. Bi Asia anasema alikuwa amemshika mtoto kichwa, na mtoto alikuwa anauliza kila mara, "Mama, umezima taa?" na taa ilikuwa inawaka. Hapa kwenye karatasi yangu pameandikwa "makofi", lakini naona mmenyamaza, basi nitaendelea.

Jicho lilipona. Halikupona lote, lakini lilipona. Hafsa sasa anaona, isipokuwa herufi za ubaoni inabidi akae dawati la mbele. Ninatangaza kwamba kwa takwimu zetu hayo ni mafanikio ya asilimia mia moja, kwa kuwa macho yapo mawili, na wastani wa... (Anajikuna shingo.) ...wastani wa macho mawili ukiugawanya vizuri...

(Mama mtu mzima: "Ndiyo hayo sasa. Nilikwambia, Nheshimiwa!")

Naomba utulivu. Ni joto tu. Ndugu wananchi, tukija kwenye kinga, hali ya upupu kijijini hapa imeshuka kwa asilimia tisini na tisa nukta nne, na wataalamu wangu walipouliza imekuwaje, walielezwa kwamba Bi Asia aliporudi kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mzee Nuhu akamwambia, "Baba, mimi kesho naufyeka. Ukitaka kunifunga, nifunge." Na Mzee Nuhu, aliyekuwa na agizo langu mfukoni, akamjibu, "Kesho nakuja na panga langu." (Makofi makubwa, vigelegele.) Ngojeni, makofi hayo mmeyapiga mahali pasipo pake.

Wakatoka wanawake na wanaume, mapema kabla umande haujakauka, maana unyevu hushika vijinyoya visiruke. Wamevaa mikono mirefu na suruali ndani ya mabuti, vichwa wamevifunga kanga mpaka yamebaki macho, mikononi wamevaa mifuko ya plastiki. Wakaufyeka, wakaukokota kwa majembe, wakaufukia shimoni. Hawakuuchoma, kwa sababu Nesi Felista aliwaambia vijinyoya vikipanda na moshi vitaingia vifuani mwa watu. Nguo zao wakazifua peke yake. Masika yaliyofuata wakapita tena, wakang'oa machipukizi yote kabla ya kutoa maua. Kazi hiyo yote ilifanyika chini ya usimamizi wangu, kwa maana kwamba nilikuwa sijui, na kwa kuwa nilikuwa sijui sikuizuia, na kiongozi asiyezuia... (Anajikuna mkono wa kushoto, kisha wa kulia.) Nani amewasha... hii kola ina nini? (Anavua koti.) Kiongozi asiyezuia huyo ndiye mwezeshaji! (Anajikuna kwa mikono yote miwili. Watu wanasogea mbele.) Kitengo cha itifaki! Josephu! Leteni maji! Leteni gari, nipelekwe hospitali!

(Sauti kutoka kwenye umati: "Piga ile namba ya bure!" Kicheko kikubwa. Watoto wanarukaruka.)

Hili si jambo la mzaha! Shingo inawaka moto! Wananchi, mimi ni Mratibu Mkuu!

(Bi Asia anapanda jukwaani. Amebeba sufuria la ugali wa muhogo uliopikwa kwa ajili ya wageni. Wajumbe wa meza kuu wanakimbia viti vyao.)

Mama, unataka kufanya nini? (Bi Asia: "Toa mikono. Usijikune. Ukijikuna unavizamisha.") Siwezi kuacha, mama, naungua! (Bi Asia: "Hata mwanangu hakuweza. Mimi nilimfunga kwa kanga. Wewe unataka nikufunge mbele ya watu?") Hapana, mama. (Bi Asia: "Basi toa mikono. Na macho usiyaguse kabisa.")

Ndugu wananchi, hotuba inaendelea. Kinachotokea hapa jukwaani ni... ni onyesho la vitendo, lilikuwemo kwenye ratiba. Bi Asia anachukua tonge la ugali wa muhogo, bado la vuguvugu, analigandamiza shingoni mwangu na kulibandua, anagandamiza na kubandua, na tonge linatoka na vijinyoya, anavitazama juani na kulitupa, anachukua lingine. Hasugui. Nasikia... nasikia nafuu. Wallahi nasikia nafuu. (Kicheko.) Anasema baadaye nioge kwa sabuni na maji mengi, koti nisilivae tena mpaka lifuliwe, na nikiona ngozi imetoka malengelenge niende kwa nesi. Mama, mikono yako haitetemeki. (Bi Asia: "Nimeshawafanyia watoto wa darasa zima. Ulikuwa hupo.")

Nilikuwa hupo... nilikuwa sipo, ni kweli, nilikuwa nje ya kituo cha kazi. (Anatazama karatasi yake.) Mama Hafsa, ile simu uliyopiga... mhudumu alinipigia mimi. Aliniuliza, gari lirudi? Nami nikasema viti kwanza. (Bi Asia anaendelea kubandika tonge.) Mama, husemi kitu? (Bi Asia: "Inamisha kichwa, kuna vingine nyuma ya sikio.")

(Mheshimiwa anainamisha kichwa. Baadaye kidogo anakohoa na kuitafuta miwani yake.)

Ehe. Nilikuwa wapi? Ukurasa umepeperuka. Nimepata. Kwa hiyo, ndugu wananchi, baada ya tathmini ya kina, fremuweki ya utekelezaji, upembuzi yakinifu na upembuzi wa ule upembuzi, MKAUMI imeona ni wakati muafaka kuwaleteeni wananchi wa Nachiwale Kituo cha Kisasa cha Kutibu na Kuzuia Muwasho, chenye vitanda, maabara, chumba cha macho, ambulansi inayokaa hapahapa, na dawa za mzio masaa yote. (Makofi kutoka meza kuu, wakiwa wamesimama mbali na mapambo.) Kituo hiki kitahudumia kuanzia hapa hadi Msimbati na kuvuka hadi ng'ambo ya mto, na nchi jirani zitakuja kujifunza. Hamtatumia ugali tena kama dawa, ugali mtakula.

(Mzee Nuhu: "Kiko wapi, Mheshimiwa?")

Nafurahi umeuliza, Mzee. Kiko katika hatua nzuri. Semeni nami kabla sijakifungua: Upupu! ("Tumeufyeka!") Hapana, ilikuwa mseme "Ziro!" MKAUMI! (Kimya.) Muwasho kwa kila... samahani, kalisoma vibaya kijana aliyechapa: Ukombozi kwa kila ngozi! (Mtoto mmoja anapiga makofi, mama yake anamshika mikono.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi wa kituo hiki, ambaye akipatikana tutamtambulisha kwenu. Nawashukuru madaktari na wauguzi wa kituo, ambao nafasi zao zitatangazwa mara zikishabuniwa. Nawashukuru wafadhili, ambao baada ya kusikia kwamba Nachiwale upupu umekwisha walijibu kwamba basi hakuna cha kufadhili, na hapa naomba niseme kwa uchungu kwamba haraka zenu za kufyeka zimetukosesha mengi. Nawashukuru wajenzi ambao wangejenga, na wagonjwa ambao wangekuja. Kwa mamlaka niliyopewa sasa nakata utepe huu, uliofungwa kati ya mikorosho miwili, na nyuma yake ninaona shamba la muhogo lililostawi vizuri sana, la nani hili? La Bi Asia, hongera mama. Natamka kwamba Kituo kimefunguliwa rasmi, na kwa kuwa hakina mlango, naahidi mbele yenu nyote kwamba hakitafungwa kamwe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Vijana, kabla hatujaondoka, hili jiwe la msingi lipakieni kwenye gari polepole lisipasuke, kesho tuna uzinduzi mwingine. Jina la kijiji limeandikwa kwa chaki, atakayelibeba alifute.